Vidole vya Birkha

Jumatano ile Suntali alifagia chumba mara tatu, na wala hakikuwa kichafu. Kilikuwa chumba kimoja tu, nyuma ya karakana ya mazulia katika mtaa wa Boudha, alikofuma tangu hajaolewa. Alifagia kwa sababu mikono ikitulia, moyo nao unaanza maneno.

"Utatoboa sakafu," mumewe Birkha alimwambia kutoka kitandani.

"Nyamaza wewe. Vidole vyako ndivyo vinavyonitesa."

"Vimefanya nini? Mwaka wa pili huu havijafanya kitu."

Hapo ndipo penye balaa.

Birkha alikwenda Ghuba kutafuta riziki, akaanguka kutoka jukwaa la ujenzi, akarudishwa yu hai kuanzia shingoni kwenda juu. Tangu hapo Suntali hufuma toka alfajiri hadi saa nane, kisha humwogesha mumewe, humlisha, humgeuza, humgeuza tena. Ndugu zake walimtenga siku aliyobatizwa. Aliobaki nao ni wanawake watatu wa kikundi cha Jumatano. Walikutana nyumba kwa nyumba, viatu mlangoni, wakaketi mkekani na kuomba wote kwa mpigo, kila mmoja na lake, mpaka chumba kinavuma kama mzinga wa nyuki. Kwa Suntali tu hawakuwahi kufika. Birkha anaona haya, aliwaambia, nao wakamwelewa.

Kikundi kilikuwa na daftari la maombi. Kiongozi wao, Mama Anuka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa akilipigia mstari mwekundu kila ombi lililojibiwa. Homa imeshuka: mstari. Mtoto amefaulu: mstari. Lakini "Birkha asimame" lilikaa ukurasa wa kwanza bila mstari, na kila Jumatano Mama Anuka alilisoma kwanza kabisa, akainua macho.

"Suntali, kuna mabadiliko?"

Suntali alitikisa kichwa, nyuso tatu zikainama, naye akajiona kama ndiye aliyewaangusha. Wiki iliyopita, ametoka kufuma, mabega yanawaka moto, akaulizwa tena. Shingo ilikataa kutikisika. Akausikia mdomo wake ukisema, "Amechezesha vidole viwili."

Vigelegele! Jurelimaya, mfua nguo mwenye mikono kama ya mwanamume, alimnyanyua juu juu. Mama Anuka akachora mstari mwekundu kwa rula. Ikaamuliwa kwamba Jumatano hii wote waende kwa Suntali kutoa shukrani, na Jumamosi, siku ya kanisa, asimame kushuhudia.

Basi wakaja. "Jaimasih, Jaimasih," wakasalimiana mlangoni, wakaingia na figili za kachumbari na birika la chai ya maziwa. Wakaimba. Kisha Mama Anuka akamgeukia mgonjwa.

"Haya, shemeji, tuoneshe hivyo vidole."

Birkha akamtazama mkewe. Akaelewa yote palepale.

"Leo vimegoma," akasema. "Baridi hii, hata mimi ningegoma."

Wakacheka. Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, wazi kabisa. Lakini Jurelimaya aliuchukua mkono ule wa Birkha akaanza kuusugua, machozi ya furaha yakimdondoka, na Suntali hakuweza kuangalia.

"Mwache, Jureli. Havijacheza. Niliwadanganya."

Nje mtu alikuwa akikung'uta zulia.

"Tulifunga, Suntali," Mama Anuka alisema polepole. "Siku mbili bila hata chai, kumshukuru Mungu. Na mchungaji nimeshamwambia! Nitamwambia nini?"

"Mwambie nimechoka. Nimechoka kuwaona mkisikitika. Nitoeni kwenye kikundi, sawa, lakini vidole msiniulize tena."

Jurelimaya akapenga kamasi. "Na mimi niseme? Ukifika kwenye jina la Birkha daftarini, Mama Anuka, mimi nafumba macho namwambia Mungu, ni yule yule, unamjua. Sina neno jipya hata moja."

"Jureli!"

"Ndiyo ukweli. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyechoka."

"Mimi je?" Birkha akadakia. "Nimeombewa mpaka naona aibu kulala."

Mmoja akacheka, wa pili akafuata. Mama Anuka hakucheka.

"Mimi nimekasirika, na mniache nikasirike," alisema. Kisha akautazama mgongo wa Suntali ulivyopinda. "Huyu hugeuzwa saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Sasa ni tisa na robo. Njoo unioneshe." Akakunja mikono ya blauzi.

"Taratibu, dada, mimi si gunia la viazi!"

"Gunia lingekuwa na adabu."

Suntali aliwaonesha penye kidonda cha kulala sana, na jinsi ya kuweka mto. Walipomaliza, Mama Anuka akamwelekeza ukutani kwa kidole. "Wewe kaa pale, usiguse kitu. Na kuanzia sasa tutakutana hapa hapa kila Jumatano. Huyu hatuwezi kumbeba."

Wakaanza kuomba, wote kwa mpigo. Suntali aliegemea ukuta, akatega sikio asikie vidole vikitajwa. Havikutajwa. Katika mvumo ule alisikia sauti ya Jurelimaya tu: "Amechoka, Baba. Huyu amechoka." Alitaka kuitikia amina, lakini usingizi ulimwahi.

"Anakoroma," Birkha alinong'ona.

"Mwache akorome," alisema Mama Anuka, bado amenuna, akimfunika miguu kwa shali lake.