Sabuni Yangu Kwenye Tangi la Mwalimu

Mume wangu alikuwa na pikipiki yenye tangi zima, lisilovuja hata tone, akaliuza. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Tangi lile la kiwandani lilikuwa limebonyea ubavuni na rangi imebabuka, na yeye, mwalimu wa shule ya msingi pale Bwera, aliona haya kupita nalo sokoni. Siku moja akavuka mpaka wa Kongo, akarudi amekumbatia tangi jekundu linalong'aa, lililogongwagongwa na fundi bati Mkongomani kutoka kwenye pipa la mafuta ya kupikia.

Fundi mwenyewe alikuja kulifunga. "Madamu, hii tangi iko muzuri kupita ile ya kiwanda," aliniambia huku akilipigapiga kwa kiganja. "Iko na garanti. Mutu anaweza kufa, tangi inabaki."

Wiki haikuisha, likaanza kuvuja kwenye mshono wa chini. Fundi akaja, akaongeza lehemu, tundu likahamia upande wa pili. Akaja tena, akapaka utomvu wa mti aliouchanganya na majivu. Petroli iliula utomvu ule usiku mmoja tu. Mara ya tatu hakuja, alituma salamu kwamba tangi halina kosa, ila petroli ya Uganda iko kali mno. Akaongeza ushauri: mwalimu achukue sabuni ya mche, aisugue kwenye mshono mpaka izibe. Petroli haiwezi kula sabuni. Na hapo, ajabu, alisema kweli.

Lakini sabuni, jamani! Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, wakati sabuni ilifichwa kama bangi. Tulipanga foleni kwa chifu tangu alfajiri, mche ukakatwa kwa uzi, kila nyumba ikapata kipande cha kujaa kiganja. Changu nilikifunga kwa jani la mgomba nikakizika ndani ya mtungi wa unga wa muhogo. Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimejifunza kupiga taipu kwa masista, na barua ilikuwa imefika: nifike mjini Kasese kwenye ofisi fulani, Jumatatu saa nne asubuhi, nikiwa nadhifu, kujaribiwa kazi ya karani. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Nilikuwa na gauni jeupe moja. Nililifua Jumamosi, nikalipiga pasi ya mkaa, na kipande kilichobaki nikakirudisha kwenye unga ili nioge nacho Jumatatu.

Jumatatu alfajiri nikatia mkono mtungini. Unga mtupu. Nikachimba mpaka chini, hamna kitu. Mume wangu alikuwa nje anapangusa tangi lake huku akipiga mluzi, na ndevu zake zina unga. Mtu ambaye miaka minne ya ndoa hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi, siku hiyo alikuwa ameipata sabuni yangu gizani.

"Mwalimu, sabuni yangu iko wapi?"

"Iko kazini," akasema. "Nimefanya kwa ajili yako. Basi limeharibika, utaenda na nini?"

Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu ya macho, yangevimba. Nikaoga kwa maji matupu, nikakaa nyuma ya pikipiki upandeupande, gauni nimelikusanya mapajani, tukaondoka.

Sabuni ilishika vizuri kabisa. Nasema haki. Ilishika mpaka mvua ilipotukuta kabla ya njiapanda ya Kikorongo. Petroli haili sabuni, lakini maji je? Mwalimu mzima hakulifikiria hilo, na fundi wake hakulitaja. Mvua ile haikudumu hata nusu saa, lakini povu jeupe lilianza kutoka chini ya tangi, kisha tone, kisha tone jingine, na upepo ukaniletea yote pajani. Nilipotazama, gauni langu lilikuwa na doa la ukubwa wa sahani.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitoka na sigara mdomoni.

"Simama! Shuka! Hii pikipiki iko nakojoa!"

"Afande, tafadhali, sigara," mume wangu akasema, sauti imekuwa nyembamba.

Afande akatazama ile petroli chini, akatazama sigara yake, akarudi nyuma hatua kumi bila kuambiwa tena. Wakati huo huo lori la saruji lilikuwa limesimamishwa nyuma yetu, linarudi tupu kiwandani Hima, kwa kupitia Kasese. Nikamwomba dereva nafasi, akanikubalia. Nikamrudia mume wangu, nikachuchumaa, nikaingiza kucha kwenye mshono wa tangi.

"Unafanya nini? Ukiitoa petroli yote itamwagika! Nitarudije?"

"Si una garanti?"

Nikaibandua sabuni yangu yote iliyobaki. Pale mtaroni palikuwa na maji ya mvua, nikanawa uso na mikono, nikasugua doa mpaka likafifia. Halafu nikaitia sabuni mfukoni, nikapanda lori. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona amechutama, ameziba tundu kwa kidole. Hawezi kuondoka wala kukiondoa. Nilimhurumia, siwezi kusema uongo. Lakini sikumwambia dereva asimame.

Nilifika saa nne kasorobo, vumbi la saruji limelifunika doa lililobaki. Karani mkuu alinusa hewa mara mbili, akauliza nani kaleta petroli ofisini. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kazi kwenye mashine. Watu watano tulijaribiwa, na kabla ya saa nane jina langu likasomwa.

Njiani narudi, nimebebwa na gari la misheni, nilijawa na furaha hata nikasahau hasira. Nilipanga nitakavyomwambia. Nilipanga mpaka maneno. Tulipofika kwenye kizuizi nilimkuta bado yupo, tangi limekauka kabisa, na afande amempa panga afyeke majani ya kando ya barabara. Shati limemganda mgongoni, mikono imetoka malengelenge. Aliponiona nashuka alitupa panga, akanijia mbio, na mimi nikafungua mdomo.

"Umekuja nayo ile sabuni?" akauliza.

Nilimtazama. Nilingoja aulize na lile jingine, la kazi. Alikuwa ananitazama mikono.

"Imeisha," nikamwambia, na sabuni iko mfukoni.