Kifundo cha Angetile

Mwaka 1953 ilithibitishwa kwa maandishi, kwa mhuri na sahihi ya Bwana Daktari wa hospitali moja ya milimani, kwamba Angetile, mfinyanzi wa Ikombe, alizaliwa na mfupa mbovu wa kifundo cha mguu. Kwamba maumivu yake yalitokana na ubovu huo wala si kuanguka. Na kwamba plasta ya serikali haifungwi kurekebisha maumbile.

Angetile mwenyewe alikumbuka kuanguka. Alikuwa akishusha vyungu kutoka mtumbwini pale Lyulilo, jiwe likateleza, mguu wa kushoto ukajikunja chini yake. Wa kulia ulibaki imara, pamoja na kipande cha ndoano kilichokatikia kisiginoni tangu usichana. Mfinyanzi asiyeweza kuchuchumaa hana kazi, ndiyo maana alikubali kubebwa kwa machela siku mbili kupanda mlima.

Aliporudi, barua alisomewa na Lutengano, dresa wa zahanati, mwenye kitabu kimoja cha mifupa.

"Mama, kati ya muundi na kisigino kuna mfupa. Unabeba mwili wote, na hakuna msuli hata mmoja ulioushika. Umekaa tu, kama chungu juu ya mafiga."

"Na wangu mbovu?"

"Madaktari wameona kwenye picha ya mfupa kwamba shingo yake ina kibonde laini. Wao hawana."

"Wao wanachuchumaa?"

"Wanakaa vitini."

Wifi yake Neli, naye mfinyanzi, akavitazama vifundo vyake mwenyewe. "Kumbe Ikombe nzima tumezaliwa wabovu. Na maji yao ya kunywa wanayapoza kwenye vyungu vya nani?"

Lutengano akafungua kitabu. Kilisema wazi: anayechuchumaa tangu utotoni, muundi wake huegemea shingo ya mfupa ule kila siku mpaka ukajichongea mahali pa kukaa. Si ugonjwa. Ni kazi.

"Ndaga, asante, mwanangu," alisema Angetile. "Lakini mimi sikwenda kusifiwa mfupa wala kutukanwa mfupa. Nilikwenda kufungwa mguu."

Plasta Lutengano hakuwa nayo. Aliufunga mguu wa kushoto kwa vipande vya mianzi na shuka kuukuu, akamkataza kuukanyaga. Mwezi wa tano tangu afungwe, Angetile alichuchumaa, akakunja uso, akaomba udongo.

Picha yenyewe, iliyoombwa kwa barua tatu, ilifika baada ya hapo. Lutengano akaiinua dirishani. Kibonde kilikuwepo, kama walivyoandika. Kisiginoni, nyeupe kabisa, ilikuwepo ndoano.

Akaishusha polepole. "Mama, siku ile ya picha walikuambiaje?"

"Weka mguu mezani."

"Ukaweka upi?"

"Mtu mkubwa humpi wa kushoto, Lutengano. Umelelewa wapi wewe?"

"Na hawakuuliza upi unauma?"

Hawakuuliza. Mguu wa kulia haukuwa ukimuuma.