Gunia la Maharagwe Mekundu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kusoma ni kutamka tu. Nilijifunza herufi peke yangu kwenye makopo, na kilimani kwetu Masisi hapakuwa na msomaji mwingine.

Juzi, sokoni Hombo, harufu ya dawa ya mbegu ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni. Mama alileta gunia la maharagwe mekundu kupita kawaida, lenye maneno ya Kifaransa. Niliyasoma yote bila kukwama, majirani wakanipigia makofi.

“Njo kusema nini?” Mama akauliza maana yake.

“Maharagi iko muzuri,” nikajibu. Niliona haya kusema sijui.

Akabandika chungu. Maji yakawa mekundu, harufu kali ikajaa nyumba, nami nikakaa pale kama niliyefungwa. Mdogo wangu aliponyoosha sahani, ndipo nikasema, “Mama, ile maneno siyajuwi.”

Mama alimwaga maharagwe yote nje. Baba mdogo akacheka, “Kumbe tuko na kasuku mu nyumba.”

Tulilala njaa. Sasa najua gunia lilisema nini: mbegu zina dawa, zisiliwe.

Siku hizi nikikuta neno nisilolielewa, nasema kwanza kwamba silielewi.