Kapata Uji Wake

Ukisikia uji, usije ukawaza ule wa ulezi wenye maziwa na sukari. Uji wa nyumba ya kuwahifadhi maskini kule Lancashire, Uingereza, mwaka 1843, ulikuwa maji ya moto yaliyoonyeshwa unga wa oti kwa mbali, na aliyeukoroga ni Kezia Ormerod. Alifuma vitambaa kiwandani miaka thelathini mpaka mashine zikamla masikio. Walipoona hawafai tena wakawatupa, yeye na mumewe Enoch, aliyefuma kiwanda hicho hicho. Nyumba ile ikawapokea, kisha ikawatenganisha: wanaume ng'ambo hii ya ukuta, wanawake ng'ambo ile. Ndoa ya miaka arobaini na moja, halafu unaambiwa ndiyo sheria. Sheria gani hiyo? Ushenzi mtupu!

Walikuwa wakionana Jumapili tu, kanisani. Wanaume mbele, wanawake nyuma, na kugeuka ni marufuku. Jumapili moja Enoch akageuka. Watu wa viwandani walizoea kuzungumza kwa midomo bila sauti, kwa ajili ya kelele za mashine, na Kezia aliyasoma maneno yote: "Kifua kinanimaliza, mke wangu. Omba ruhusa uje."

Ruhusa ilikuwa ikiombwa siku ya Jumatano tu, na msimamizi, Bwana Threlfall, hakuwa akimpa mtu zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kezia aliogopa kuipoteza bure. Jumatatu akamvizia Pym, bawabu aliyetoka London, mlangoni pa jikoni.

"Mwanangu, mzee wangu Enoch anaendeleaje?"

Pym akacheka. "Usihofu, bibi. Kapata uji wake."

Kezia aliusoma mdomo ule neno kwa neno, hakukosea hata herufi moja. Ala, kumbe anakula! Akamshukuru Pym, akarudi kwenye sufuria na kukoroga kwa moyo mweupe. Jumatano ikapita, hakuomba ruhusa.

Ijumaa Tabitha, mwenzake wa jikoni, akamshika mkono. "Dada, kaa kwanza. Enoch wamemzika asubuhi hii."

"Enoch yupi? Si anakula huyo! Pym kaniambia mwenyewe, kapata uji wake!"

Tabitha aliwahi kutumika London. Akafumba macho. "Masikini dada yangu. Kule kwao, mtu akipata uji wake, basi ameadhibiwa. Walimfungia chumba cha mawe tangu Jumapili ile, kwa mkate na maji. Kisa, kugeuka kanisani."

Yaani hata huo uji wenyewe hakuuonja. Kezia hakulia. Alirudi kusimama kwenye sufuria yake.

Threlfall akaingia. "Pakueni! Mnangoja nini?"

"Shingo!" Kezia akapaza sauti kama wanavyopaza viziwi, ikasikika hadi ng'ambo ya wanaume. "Mume wangu kageuza shingo tu, mkamuua!" Akaisukuma sufuria kwa mikono miwili, uji ukamwagika wote juu ya buti za msimamizi. "Haya, chukua uji wako!"

Pym ndiye aliyetumwa kumfungia. Safari hii hakucheka.

Jumapili kanisani nafasi ya Kezia ilikuwa tupu. Katikati ya sala mwanaume mmoja akageuka, akifuatiwa na wa pili, na punde benchi zote za mbele zikawa zimewaelekea wanawake. Threlfall akafoka, "Tazameni mbele!" Hakuna aliyetazama mbele. Walikuwa wanaume sitini. Chumba cha mawe kilikuwa kimoja tu, na Kezia alikuwa ndani yake.