Kigiriki Kaburini kwa Mzee Beatus

Apolinari wa hapa Kiberege hujengea makaburi, na kazi anaijua. Ila sifa humlevya. Siku moja alifungiwa maandazi kwenye karatasi ya kitabu yenye picha ya jiwe la kale, limejaa maandishi ya Kigiriki. Yalimpendeza. Alipopewa kaburi la mzee Beatus, akayanakili kwa msumari kwenye bamba la saruji mbichi, akamwambia mjane, mama Restituta, kuwa ni Kigiriki cha Injili, maana yake pumzika kwa amani. Nani angembishia? Sisi Kigiriki tumekijulia wapi?

Beatus alilinda ghala la parokia hadi uzeeni, na hata debe moja la mpunga halikuwahi kupotea.

Siku ya kubariki kaburi alikuja Sista Careen, mpwa wa mjane. Masomo yake ni mawe hayohayo: husoma maandishi ya Wagiriki wa kale ili ajue waliishije na waliabudu vipi. Apolinari akajisogeza karibu apate kusifiwa. Sista aliinama, akasoma. Kisha akamvuta pembeni, akamwamkia, akamwuliza kama anajua alichoandika. Akajibu anajua.

"Baba, hapa pameandikwa hivi: 'Niliiba kondoo wa hekalu. Mungu wake akanipiga upofu. Nimekiri, na jiwe hili nimelisimika watu wote wasome.'"

Akamweleza kuwa huko zamani mkosaji aliweka jiwe la namna hiyo hekaluni, mbele ya watu. Kwa mawe hayo wasomi wamejua jinsi watu wa kawaida, si wafalme tu, walivyoiogopa miungu yao. Apolinari alitamani ardhi ipasuke immeze. Mlinzi mwaminifu kama yule, amemlaza chini ya maneno ya mwizi.

Sista alimwachia aseme mwenyewe. Apolinari akaenda kwa mama Restituta, akapiga magoti, akasema yote.

"Mume wangu hakuiba," mama alisema. "Ling'oe, lakini usilivunje. Aliyedanganya ni wewe. Lipeleke kwako."

Sasa bamba liko mbele ya karakana yake, kando ya barabara. Chini yake ameongeza kwa Kiswahili: "Mimi Apolinari nilisema najua Kigiriki. Sikijui." Wateja wakilisoma, yeye huinamia saruji yake.

Juzi nilimwonea huruma, nikamshauri aligeuzie ukutani. Akanijibu, bila kuinua uso, kwamba wapo ambao bado hawajasoma.