Kiazi Cheupe na Ini la Khamphan

Dada yangu Bualai aliolewa na Khamphan, mchimba mizizi wa kijijini Mae Tha. Khamphan alikuwa mtu wa maneno machache. Alipanda milima ya mawe ya chokaa, akachimba kile kiazi cheupe cha porini kiitwacho "kwao khruea", ambacho wanawake wa kwetu hukitafuta wakishakoma hedhi, mwili unapoanza kuwaka moto na usingizi kuwakimbia. Bualai alikikata vipande na kuvianika, Khamphan akavisaga kwa mashine nyuma ya nyumba, kisha wakaukanda unga kwa asali na kuuviringa kuwa vidonge vidogo. Kila walipomaliza kusaga, Khamphan aliuonja unga kwa ulimi. Alisema kiazi kibaya hakijifichi mdomoni. Bualai naye alimeza kidonge kila asubuhi, na kilimfaa: alilala vizuri, na jasho la ghafla likamwacha.

Jioni Khamphan alikunywa pombe ya mchele. Hakuwa mlevi wa kutukana watu. Alikaa, akanywa, akalala, na kesho yake akapanda mlima kama kawaida. Ndiyo maana hakuna aliyeona kama ni ugonjwa.

Alipokaribia miaka hamsini, chuchu zikaanza kumuuma. Baadaye pakaota uvimbe nyuma ya chuchu hizo, kulia na kushoto. Hakumwambia mtu. Akawa anavaa shati zito la kazi hata kwenye joto kali, akaacha kuoga mtoni na wenzake. Bualai alipomuuliza mbona analala na shati, alimgeuzia mgongo.

Siku za mwaka mpya ndizo zilizomuumbua. Siku hizo kwetu watu humwagiana maji, habaki mtu mkavu. Khamphan alijifungia ndani, lakini wenzake walimbembeleza mpaka akafungua mlango, wakammwagia ndoo nzima. Shati likamganda mwilini. Wote wakamtazama kifuani, kisha Mongkhon, jirani yake wa tangu utotoni, akasema:

"Hongera, mzee. Unanyonyesha lini?"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Muulize mkewe. Kamlisha bidhaa yao wenyewe huyu. Bado kidogo atamsuka nywele."

Kwao ulikuwa utani, na waliusahau kabla nguo hazijakauka. Khamphan aliingia na utani huo ndani. Bualai alikuwa jikoni akichochea mchuzi.

"Umekuwa ukinitilia nini kwenye chakula?"

"Chumvi na pilipili. Kwani vipi?"

Akafungua shati. Dada yangu alishtuka, akanyoosha mkono amguse, naye akaupiga ule mkono.

"Ulitaka niache pombe," akasema. "Ukaona dawa ni kunifanya mwanamke mwenzako."

"Mume wangu, mimi nakimeza kiazi hicho kila siku. Nikikutilia wewe nitapata nini?"

"Ndiyo maana unakijua vizuri."

Tangu siku hiyo hakula kilichopikwa naye. Akaanza kununua tambi barabarani, na Bualai akiingia chumba alichomo, yeye anatoka. Mwishowe akamwekea begi lake mlangoni. Dada yangu akaja kwangu mjini Lamphun. Hakulia mbele yangu, ila nilimsikia bafuni, amefungulia maji ili nisisikie.

Mtu angedhani uvimbe ungepungua mke akishaondoka. Uliongezeka. Khamphan alisema Bualai ana ndugu kila mahali, pengine hata muuza tambi kanunuliwa. Akachimba kiazi chekundu, kile cha kuwapa wanaume nguvu, akakichemsha mpaka kikawa cheusi, akakinywa kwa vikombe juu ya pombe. Nywele za kifuani zikapukutika. Viganja vikawa vyekundu kama vimeungua. Yale ya chumbani yakamshinda kabisa. Hayo alikuja kuyasema mwenyewe baadaye, bila haya, maana alikuwa ameshapita mahali pa kuona haya.

Siku moja asubuhi alifika kwangu kwa pikipiki. Hakushuka vizuri, alianguka kidogo, akashika ukuta.

"Shemeji," akaniambia, "mwambie dada yako anipe dawa ya kuondoa alichoniwekea. Nitamsamehe. Sitamuuliza neno."

"Shemeji, hana dawa hiyo."

"Mwambie nimemwomba. Mwambie nimepiga magoti." Na kweli akapiga magoti pale uani, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiomba hata maji.

Bualai alikuwa nyuma ya mlango. Akasema, "Ningekuwa nayo ningekupa, hata kama sikukuwekea kitu."

Kisha akatoka, akamwona kwa mwangaza. Macho ya Khamphan yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa kama ngoma. Dada yangu alinishika mkono, tukampakia kwenye gari la jirani, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, jina lake Orawan. Baada ya vipimo, na baada ya kuuliza kazi yao, alituita sote watatu. Bualai ndiye aliyeuliza, tena kwa hasira: "Mimi nameza vidonge vizima vya kiazi miaka yote, sina kitu. Yeye anaonja tu. Kwa nini yeye?"

"Mama, kiazi hiki hakifanyi kazi sawasawa kwa kila mtu," daktari akasema. "Ukikimeza kinafika kwenye ini. Ini ndilo linaloamua. Kuna vitu humo ambavyo ini likivibadilisha vinapata nguvu zaidi, na vingine linavifunga na kuvitoa kwa mkojo na nyongo. Ini lako linaifanya kazi hiyo. La mzee limejaa makovu."

"Makovu ya nini?"

"Pombe. Kila mwanamume ana homoni ya kike kidogo mwilini, na ini la mzee halikuweza kuipunguza. Unga aliouonja huenda nao ulikawia mwilini. Kipi kilichangia kiasi gani, siwezi kukwambia. Hata bila kiazi, ini kama hili lingetosha kumletea haya."

Khamphan alikuwa anatazama sakafu. "Kwa hiyo hakuna aliyenilisha?"

"Hakuna."

"Linapona?"

"Kwa sasa tunaweza kukupunguzia maumivu tu," daktari akasema.

Bualai alirudi naye Mae Tha. Alimwogesha, akampikia uji wa mchele usio na chumvi, naye akaula. Sikuwahi kumsikia Khamphan akiomba radhi. Jioni moja tu alimwambia, "Hukupaswa kutoka mlango ule hata kama nilikufukuza," na dada yangu akaendelea kukunja nguo. Khamphan alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Kwenye msiba Bualai alimweleza kila aliyemuuliza kwamba ni ini. Watu waliitikia kwa vichwa, kisha wengine hawakugusa chakula chake. Wanaume wakawakataza wake zao kununua vidonge kwake.

Lakini wanawake walikuja. Walipitia nyuma, palipo na mashine, wakinong'ona.

"Dada, kile ulichompa marehemu. Mume wangu naye kanishinda."

"Sikumpa kitu. Lilikuwa ini."

"Tunajua," wanasema, na wanamkonyeza. "Tupimie kidogo tu."