Mashilingi Siku ya Utambulisho

Fangasi wa ngozi, wale wanaochora duara kama kitako cha glasi na ambao kwetu Mpanda tunawaita mashilingi, hawana adabu ya kuchagua. Wanamkalia mbwa, wanamkalia ndama, wanamkalia mzee wa kanisa. Nimesoma habari zao kwa miaka mingi, kwa hiari yangu na bila cheti. Lakini mengi niliyajua kabla ya kusoma, nyumbani kwa bibi yetu, mtaa wa Kawajense, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao nusura mdogo wangu wa kike akose mume kwa sababu ya mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa bado mtoto. Tulipewa na majirani wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Bibi alikataa kumpa jina. "Nikimpa jina, kesho ataomba kiti," alisema. Mbwa yule alimbwekea kila mgeni bila upendeleo, hata katekista, na hilo tulilipenda. Alilala pia juu ya nguo yoyote iliyoanguka kutoka kwenye kamba, na hilo tulilipuuza. Tangu anafika alikuwa na viraka viwili visivyo na manyoya, kimoja sikioni, kingine juu ya pua. Tulidhani ni makovu ya ugomvi.

Baadaye bibi akatokwa na duara mkononi. Mimi nikatokwa nalo pajani, mahali pasipofaa kumwonyesha bibi. Mdogo wangu likamtoka shingoni, chini kidogo ya sikio: ukingo mwekundu ulioinuka, wenye magamba, na katikati ngozi karibu safi.

La pajani na la mkononi yalikuwa ya kujikuna tu. La shingoni lilikuwa jambo jingine. Baba yetu alikuwa amekufa kwa kukonda, na miaka ile mtu akifa kwa kukonda watu hawakuuliza alikuwa anaumwa nini. Walianza kukagua ngozi za waliobaki. Na Jumapili iliyofuata ukoo wa mchumba ulikuwa unakuja kutoka Kibaoni kwa utambulisho. Wakiliona duara lile wangemaliza soda zetu, wangetushukuru kwa heshima, na wasingerudi.

Bibi akaamua kuanza na mbwa, na dawa yake ilikuwa oili chafu. Kwetu mbwa mwenye ngozi mbaya hupakwa mwili mzima oili iliyomwagwa gereji, na watu wataapa kwamba inaponya. Nilimwambia kwamba oili haiui fangasi, na kwamba mbwa atailamba imdhuru.

"Babu yako alimpaka mbwa wake, akapona."

"Mbwa wa babu alikuwa na viroboto, bibi."

"Mume wangu, unasoma sana," alisema, maana bibi na mjukuu ni watani. "Ndiyo maana huoi."

Akampaka. Mbwa akang'aa kama kiatu cha kipaimara, tukamfunga nyuma ya jiko. Mdogo wangu nilimpeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka inayochoma, lakini mhudumu alisema wazi kwamba ni kazi ya wiki kadhaa. Jumapili haingengoja. Akajifunga kitambaa shingoni, katika lile joto letu la Oktoba.

Wakaja wanne: mshenga, baba mdogo wa mchumba, shangazi yake, na mchumba mwenyewe, kijana muuza mchele aliyevaa shati jeupe. Kwa utaratibu, na kwa tulivyojua sisi, hakuwa amewahi kukanyaga kwetu. Alimwona binti sokoni Majengo, akatuma mshenga.

"Mwanangu, fungua hicho kitambaa," shangazi alisema hata kabla ya soda kufunguliwa. "Utaiva."

"Ana mafua," nikasema.

"Mafua ya shingo?"

Akanyoosha mkono, akakivuta mwenyewe. Baba mdogo akatazama, akaweka chini soda yake kabla haijafunguliwa.

"Habari za baba yao tulizisikia," akamwambia mshenga, kana kwamba sisi hatupo. "Ukatuambia ni maneno ya watu."

Bibi akasimama, akakunja mkono wa gauni. "Na mimi ninalo. Haya, semeni nimelipata wapi. Na kwa umri huu mnipongeze."

Shangazi alicheka bila kutaka. Baba mdogo hakucheka. Nikamwambia ni mashilingi, tumeambukizwa na mbwa.

"Mbwa! Kila anayekamatwa anamtaja mbwa. Yuko wapi?"

Mbwa alikuwa ameshatafuna kamba. Aliingia kwa mlango wa uani, akambwekea mshenga, akambwekea baba mdogo, akambwekea shangazi, naye shangazi akapandisha miguu kwenye kiti. Halafu akamwona mchumba. Akanyamaza. Masikio yakalala, mkia ukazunguka. Akamrukia mapajani, akamlamba kidevu na kumpiga muhuri wa oili kifua kizima.

"Huyu mbwa," bibi alisema polepole, "hamkubali hata katekista."

Mchumba akainua mkono kumsukuma, na mkono wa shati ukapanda. Karibu na kiwiko, upande wa ndani, kulikuwa na duara. Shangazi akamshika, akalitazama, akatazama shingo ya binti, akatazama pua ya mbwa.

"Uliniambia umeungua na sufuria."

"Nilikuwa naleta mchele," mchumba alisema.

"Unauleta wapi?"

"Nyuma ya jiko."

Mdogo wangu akachukua kitambaa chake, safari hii akajifunika uso.

Nikamweleza baba mdogo kwamba ugonjwa huu hauko kwenye damu. Ni ukungu, jamaa wa ule unaoota kwenye makopa ya muhogo yakinyeshewa. Hupita kwa kugusana, kwa manyoya, kwa nguo aliyoilalia mbwa, na unatibika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kijana wetu kaupata kwa mbwa, au kwa binti yenu?"

"Ngozi haisemi," nikamjibu, na ndiyo kweli.

"Mimi nasema," bibi akadakia. "Kaingia uani kwangu bila hodi. Faini ni mbuzi."

Baba mdogo akafikiri, akaichukua tena soda yake. Dakika chache kabla alikuwa mtu wa kukataa; sasa alikuwa mtu wa kutozwa faini, na anayetozwa faini hawezi kuondoka. "Jike au dume?" akauliza.

Mbwa tulimwogesha kwa sabuni mpaka oili ikatoka, tukamtibu, tukachemsha nguo zote. Mbuzi alipoletwa kutoka Kibaoni, nilimkagua masikio na pua kabla hajavuka kizingiti. Bibi akasema namdhalilisha mkwe.